Kaki Haikula Kiapo

Sogea hapa mlangoni penye mwanga, wewe unayenisikiliza, kwa sababu ndani ya kibanda changu taa inadanganya rangi. Nataka nikueleze habari ya kitambaa. Nitakwenda taratibu, kama ninavyowaelekeza mabinti wanaokuja kwangu kujifunza cherehani, na ukisikia sauti yangu inapanda usidhani nakugombeza wewe. Nina hasira ya miezi kadhaa sasa, na kila nikifikiri imepoa, napiga pasi shati la mtu inanirudia.

Mie ni fundi cherehani hapa Keko. Kushoto kwangu wanachonga vitanda, kulia wanavalisha makochi, na vumbi la mbao linaingia mpaka kwenye bobini. Nimeshona sare za shule, aproni za maseremala, makoti ya walinzi na majoho ya kwaya. Kaki imepita mikononi mwangu jora kwa jora. Hebu shika hiki kipande. Kizito kidogo, siyo? Kina vimistari vyembamba vilivyolala upande, na rangi yake ni moja tu tangu mwanzo wa jora hadi mwisho: rangi ya vumbi. Mzee wa Kihindi aliyenifundisha kazi aliniambia kwamba katika lugha ya babu zake kaki maana yake ni hiyohiyo, kitu cha rangi ya vumbi. Nilimwamini bila kuuliza mara mbili. Panda zile njia za Madale zisizo na lami wakati wa kiangazi, gari moja likupite, na shati lako jeupe litakuwa kaki kabla hujafika nyumbani.

Ni kweli kwamba zamani za ukoloni askari walivalishwa kaki. Sifichi, maana anayeeleza nusu hajaeleza. Lakini walivalishwa kaki vilevile madereva, wapishi, wapima ardhi na matarishi. Wakoloni wakaondoka, askari akapata nguo nyingine, kaki ikabaki na watu wa kazi na watoto wa shule. Hata bahasha za ofisini ni kaki, na hakuna anayeziogopa.

Nguo ya jeshi sina ya kukuonyesha. Siweki humu, na hilo ni kusudi. Ile ina mabakabaka ya kijani, kahawia na nyeusi, yamechanganywa ili mtu apotee kwenye majani. Haipimwi kwa mita dukani. Mtu anakabidhiwa, baada ya mafunzo na kiapo, na siku akiambiwa airudishe anairudisha. Sheria inamkataza raia kuivaa, au kuvaa inayofanana nayo, na sheria hiyo mie sibishani nayo hata kidogo. Vijana wa muziki wamewahi kuniletea kitambaa cha mabaka, sijui wamekitoa wapi. "Mama, tushonee hata kaptura tu za kurekodia video." Niliwarudisha nacho. Nikawaambia, "Nendeni mkajiunge, mkipewa zenu njooni niwapunguzie viuno." Waliondoka wanacheka.

Kwa hiyo unaona, tofauti naijua na ninaiheshimu. Ndiyo maana nimekasirika.

Baba yangu alikuwa tarishi. Kwa zaidi ya miaka thelathini alibeba barua za ofisi moja ya serikali mjini, kwa miguu na kwa baiskeli, akiwa na daftari kubwa kwapani. Barua haikutoka mkononi mwake mpaka mtu ameandika jina lake kwenye daftari hilo. "Anayepokea asaini," alikuwa anasema, na alilisema hata nyumbani. Akirudi na mkate jioni aliusimamisha mlangoni. "Anayepokea asaini." Sie watoto tulikuwa tunachora msalaba kwa kidole kwenye kiganja chake, ndipo mkate unaingia ndani. Sare yake ilikuwa kaki, shati la mikono mifupi lenye mifuko minne na vikanda vya mabegani, na mama aliitia wanga mpaka ikawa inasimama yenyewe.

Sasa binti wa marehemu kaka yangu akapata mchumba. Unajua mambo yetu ya Dar: kabla ya ndoa kuna sendofu, upande wa bibi harusi wanamuaga mtoto wao, na kamati ikikaa jambo la kwanza ni rangi za sare. Kamati ilikaa Madale kwa wifi yangu, mama wa bibi harusi. Wanawake tukapewa rangi ya damu ya mzee, nyekundu iliyoiva. Wanaume, bibi harusi mwenyewe akasimama akasema, "Wababa wavae kaki. Babu ndiye atakayeniingiza ukumbini mahali pa baba, na mie babu namjua na kaki."

Hakuna aliyepinga. Baba alikuwa amekaa pembeni anatazama magoti yake, nikaona kidevu kinacheza.

Nilishona suti zote, shati na suruali, za wajomba na baba wadogo, lakini ya Baba niliishona ya mwisho ili niishone nikiwa nimetulia. Alikuja kupima.

"Weka na vile vya mabegani," akasema.

"Baba, wenzako hawana."

"Wenzangu hawakuwa matarishi."

Nikaweka. Vikanda viwili, kila kimoja na kifungo. Kaa navyo akilini, nitavirudia.

Suti ilikuwa tayari Jumatano, sherehe Jumamosi. Ningeitundika nikafunga mlango. Lakini Baba ana rafiki yake, karani mstaafu wa ofisi ileile, anakaa Kinondoni, na wazee hawa wawili tangu ujana wanashindana kwa mavazi. Asubuhi hiyo akaniambia anakwenda kumsalimia. Nilipoona ameivaa suti nikacheka.

"Unakwenda kumsalimia au kumringia?"

"Vyote viwili vinaingia kwenye safari moja."

Nikamnyooshea kola, akaondoka. Haikufika saa sita simu ikalia, namba nisiyoijua, sauti ya mwanamke mtu mzima.

"Wewe ndiye fundi wa Keko?"

"Ndimi."

"Baba yako yupo hapa dukani kwangu. Hajambo, mwanangu, usitie wasiwasi. Lakini njoo, na uje na shati."

Njoo na shati! Niliondoka na shati la mteja, lile lililokuwa karibu na mkono.

Nilimkuta Baba kule Kinondoni amekaa juu ya gunia la sukari, suruali yake ya kaki imenyooka kama nilivyoipiga pasi, na juu amefunikwa kanga mabegani. Mkononi ana kikombe cha chai ya tangawizi ambacho hakuwa anakunywa. Mwenye duka ni mama wa Kiarabu, familia yao inauza mtaa huo tangu babu yake, na kanga ile alikuwa ameitoa rafuni, mpya, bado ina karatasi. Ndiye aliyenisimulia, maana Baba hakutaka kusema.

Baba akiwa anapita mbele ya duka, walikuja wanaume wawili, mgambo wa ofisi ya mtaa. Mmoja, kijana mrefu, akamsalimia vizuri kabisa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu."

"Mzee, vua shati."

Hebu lisikie hilo. Shikamoo kwanza, halafu vua shati. Kama wangekuja na matusi ningeelewa zaidi. Baba alidhani ni utani.

"Nilivue nikavae nini?"

"Mzee, usituletee masihara. Hiyo nguo ya jeshi. Hukusikia tangazo kwamba raia wazisalimishe?"

"Mie tarishi, wanangu."

"Tarishi wa jeshi?" akadakia yule wa pili, na watu waliokuwa wamesimama kwenye kibanda cha chipsi wakacheka. Mtu mmoja akainua simu kupiga picha. Mama mwenye duka akatoka na ufagio mkononi, akamwambia wa simu, "Nikikuona umempiga mzee picha, hiyo simu utaikuta kwenye ndoo ya maji machafu!" Simu ikashuka. Lakini shati halikuokoka. Baba alifungua vifungo mwenyewe, kimoja kimoja, mbele za watu. Akalivua, akalikunja pande nne kama barua, akawanyooshea kwa mikono miwili.

"Anayepokea asaini."

Wakacheka tena. Wakalichukua, wakaenda. Hakusaini mtu.

Suruali walimwachia. Kitambaa kilekile, jora lilelile, mkasi mmoja. Kama ile ni nguo ya jeshi, basi kwa hesabu zao jeshi lilikuwa linaishia kiunoni. Walichokiona hakikuwa nguo. Waliona mzee peke yake.

Nilimvalisha Baba shati la mteja, likambana, akakataa. Akabaki na kanga. Tukaenda ofisi ya mtaa hivyohivyo. Mama mwenye duka akafunga duka mchana kweupe akatufuata, ufagio akiwa nao bado.

Mtendaji alikuwa mwanamume mwenye miwani, mdogo kwangu kwa umri, mpole. Kwenye meza yake shati la Baba lilikuwa limewekewa chupa ya chai juu. Chupa ya chai! Imeacha duara la unyevu kwenye mfuko wa kushoto. Kwenye benchi la ukutani ameketi yule kijana mrefu, na kichwani amevaa kofia. Nikaitazama kofia ile. Nikaitazama tena. Ilikuwa ya mabakabaka, kijani, kahawia na nyeusi, ya mitumba, kingo zimepauka. Nikainyamazia kwanza.

"Mheshimiwa," nikamwambia mtendaji, "naomba utoke nami nje na hilo shati."

"Kwa nini tusizungumze hapa?"

"Humu taa yako inadanganya."

Akatoka. Nitampa haki yake, alitoka. Nikalitandaza shati mikononi mwangu juani, nikamweleza kama ninavyokueleza wewe. Rangi ngapi unaona? Akasema moja. Alama ya kikosi iko wapi? Hakuna. Jina, namba? Hakuna. Nikamgeuzia ndani akaona lebo yangu ndogo ya kibanda, ninayoshonea mwenyewe kwa uzi mwekundu. Nikamwambia jeshi ni kazi na kiapo na amri, na hiki ni kitambaa ambacho hakijaapa popote, mtoto wako pengine amekivaa leo kwenda shule. Akatikisa kichwa kukubali. Halafu akagusa bega la shati.

"Na hivi?"

Vile vikanda. Nilijua atafika hapo.

"Rubani anavyo," nikasema. "Nahodha wa kivuko anavyo. Utapanda kivuko umvue nahodha shati?"

Akacheka. "Sista, mie nimekuelewa. Lakini nikikurudishia hivi, mtaa wa pili mzee atakamatwa na wengine ambao hujawaeleza. Vitoe."

Sijui nikueleze vipi jinsi maneno hayo yalivyonichoma. Yalikuwa ya kweli. Mtu ameshakubali kwamba shati halina kosa, na bado anayetakiwa kupunguziwa nguo ni mwenye shati, ili wasiojua wasisumbuke kujifunza. Na mie pia nina sehemu yangu, sikatai. Vikanda vile nilivishona kwa upendo bila kufikiri barabara ina macho ya namna gani. Lakini kosa la fundi linasahihishwa kwa fundi, halisahihishwi kwa kumweka mzee kifua wazi kwenye kibanda cha chipsi.

Hasira ikatafuta pa kutokea, ikaiona ile kofia. Yule kijana alikuwa ametoka mlangoni kutusikiliza, na majirani wa ofisi nao walikuwa wamekusanyika. Nikamgeukia.

"Na wewe braza, hiyo kichwani..."

Baba akanishika kifundo cha mkono. Mkono wake ulikuwa wa baridi.

"Acha."

"Baba, tazama alichovaa!"

"Nimekiona tangu kule barabarani." Alisema polepole, kanga imemteleza bega moja. "Nimevuliwa mie, inatosha. Usimvue mtoto wa mwenzio mbele za watu."

Kijana mrefu akapandisha mkono, akaivua kofia mwenyewe, akaikunja akaisokomeza mfuko wa nyuma. Mtendaji akaona, akaangalia chini. Mama mwenye duka akasema, "Loo," neno moja tu, akaegemea ufagio wake.

"Mzee, tusameheane," kijana akasema.

Tusameheane! Kana kwamba Baba naye alikuwa na kosa lake la kusamehewa siku ile. Mpaka leo nalirudia neno hilo nikiwa peke yangu kwenye cherehani, na mguu unakanyaga kwa nguvu mpaka uzi unakatika. Baba akamjibu, "Haya, mwanangu." Mie sikumjibu.

Tukarudi mezani. Nikatoa mkasi mdogo ninaotembea nao mkobani, lakini nikawa siwezi kukata. Baba akaona.

"Kata," akaniambia. "Barua nilikuwa nabeba mkononi, si mabegani."

Nikakata. Nikafumua nyuzi kwa ncha ya mkasi, mshono baada ya mshono, juu ya meza ya ofisi. Kaki ina kumbukumbu, nikwambie. Ukifumua mahali ilipopita sindano inabaki na vitundu. Ukitia maji na pasi vinapungua, havifutiki vyote. Na tulipotaka kuondoka mtendaji akafungua daftari, akalisogeza kwa Baba pamoja na kalamu.

"Mzee, saini hapa kwamba umerudishiwa shati."

Kuchukua hawakusaini. Kurudisha, mzee asaini. Baba alisoma mstari wote, kidole juu ya karatasi kama alivyozoea, akasaini kwa mwandiko wake mzuri wa zamani.

Njiani kurudi Keko aliniambia Jumamosi atavaa suruali nyeusi na shati jeupe. "Mtoto asije akapata aibu ukumbini kwa ajili yangu." Hapo ndipo nilipoelewa walichokichukua kule Kinondoni. Shati tulikuwa nalo kwenye mfuko, tumelipata. Mtu wa kuingia na mjukuu wake ndiye tuliyekuwa hatuna. Siku mbili nilimbembeleza. Nilifua ule mfuko wenye duara la chupa, nikatia wanga kama mama alivyokuwa akitia, nikalitundika mbele ya kitanda chake. Ijumaa bibi harusi akampigia simu mwenyewe. Sijui waliongea nini. Nilisikia upande wa Baba tu.

"Ndiyo... Ndiyo, mama... Sawa, lakini utembee polepole, magoti yangu si ya tarishi tena."

Jumamosi alasiri, ukumbini Madale, mlango ukafunguliwa, wakaingia. Yeye na kaki yake, mtoto na gauni lake, mkono kwa mkono. Sie wa damu ya mzee tukasimama kupiga vigelegele. Na mshereheshaji, ambaye hakujua lolote, akapaza sauti kwenye spika:

"Jamaniii! Naona jeshi limeingia! Simameni mkao wa heshima!"

Ukumbi mzima ukacheka. Baba akasimama katikati ya zulia. Mguu wake ulikuwa umekwisha kuinuka akaurudisha chini. Nikamwona ameshika kifungo cha juu cha shati, kile cha kwanza alichofungua siku ile. Nilitaka nikimbie pale mbele, lakini mtoto akamwinamia akamnong'oneza kitu. Baba akaachia kifungo. Akanyoosha mkono aletewe kipaza sauti.

"Mie si mwanajeshi," akasema. "Wanajeshi nawaheshimu, wana nguo zao. Mie ni tarishi. Nimemleta huyu. Ni wa marehemu mwanangu. Anayepokea asaini."

Watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka. Bwana harusi mtarajiwa akainuka kutoka meza ya wageni, akaomba kalamu kwa katibu wa kamati, akaja mpaka pale. Hakukuwa na daftari. Baba akafungua kiganja, na yule kijana akaandika jina lake lote humo, herufi kwa herufi.

Watu wengi waliokuwepo wanaisimulia siku hiyo kwa furaha, na furaha ilikuwepo, siwanyimi. Lakini mie nilikuwa nimekaa meza ya mbele, na kwenye mabega ya Baba nilikuwa naona vile vitundu. Na toka siku ile suti imetundikwa nyuma ya mlango ndani ya mfuko wa nailoni. Akienda kwa rafiki yake Kinondoni anavaa shati la maua. Nikimwambia, "Baba, kaki yako je?" ananijibu, "Nimeshafikisha." Anatabasamu, lakini haivai.

Kwa hiyo wewe uliyenisikiliza mpaka hapa, uwe mgambo, uwe mtendaji, uwe mpita njia mwenye simu mkononi, ukikutana na mtu na nguo yake ikakutia shaka, mwache nayo mwilini. Mwombe msogee pamoja palipo na jua. Hesabu rangi. Tafuta alama. Ukikuta rangi moja tu na hakuna alama, muulize anafanya kazi gani, sikiliza jibu lake, halafu mpishe aende zake.